Skrini Inasema 1,000, Rula Inasema 996: Majibu kwa Mafundi wa Mashine za Kukata

Barua nyingi za toleo hili zinagusa jambo moja: mashine ya kukata inajilisha yenyewe, ila vipande havitoki sawa. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Kabla hatujaanza, jambo moja kwa wote: skrini ya mashine haipimi malighafi. Inaonyesha rola imezunguka kiasi gani, au jiriwa (kibanio kinachoshika malighafi) limesogea kiasi gani. Bati likiteleza, filamu ikivutika au ubao ukikwama, skrini haina habari.

SWALI: Tunakata bati la milimita 0.8 kutoka kwenye koili, na rola za kulisha zinaendeshwa na mota ya servo, ile inayozunguka kiasi inachoamriwa na kusimama. Tukiseti 1,000 tunapata 996 au 997, na mara mojamoja 991. Kila zamu inarekebisha kizidishi kwenye skrini, yaani namba ambayo mashine inazidisha nayo urefu ulioagizwa. Asubuhi vipande vinakaa sawa, mchana vimeharibika tena. Je, mota imekwisha?

Mota iacheni kwanza, ndugu, na kizidishi pia kiacheni. Kila zamu inayokigusa inafuta ushahidi wa zamu iliyopita. Kosa la urefu lina sura tatu. Kuna linaloongezeka kadiri kipande kinavyokuwa kirefu, kuna lisilobadilika hata kipande kiwe kifupi au kirefu, na kuna linalorukaruka bila mpango. Kizidishi kinatibu lile la kwanza tu.

Fanyeni hivi. Rudisheni kizidishi kwenye namba iliyo katika kitabu cha mashine, kisha punguzeni kasi ya kulisha hadi robo. Tupeni vipande 2 vya mwanzo. Kateni 10 vya milimita 300 na 10 vya milimita 1,500, mkiviandika namba kwa mpangilio vinavyotoka. Pimeni kwa rula ya chuma, si kwa tepu yenye ndoano inayocheza, na mpime kingo zote mbili. Halafu rudieni zoezi lote kwa kasi ya kawaida ya kazi.

Sasa someni matokeo. Tuseme kwa kasi ndogo vile vya 300 vina wastani wa 298.5 na vile vya 1,500 vina wastani wa 1,492.5. Upungufu ni 1.5 upande mmoja na 7.5 upande mwingine, na pote ni nusu asilimia. Hilo ni kosa la uwiano, na mara nyingi chanzo chake ni kipenyo cha rola. Rola ya milimita 100 ina mzingo wa 314.16. Ikilika hadi 99.5, mzingo unashuka hadi 312.59, yaani nusu asilimia ileile. Namba mpya ya mzingo hupatikana kwa kuzidisha ya zamani kwa urefu halisi na kugawa kwa urefu ulioagizwa: 314.16 × 1,492.5 ÷ 1,500 = 312.59. Angalieni, lakini: mashine nyingine haziulizi mzingo, zinauliza mapigo ya enkoda (kifaa kinachohesabu mzunguko wa rola) kwa kila milimita. Hapo hesabu inageuka, mnazidisha kwa urefu ulioagizwa na kugawa kwa urefu halisi. Mkiona kosa limekuwa maradufu badala ya kuisha, mjue mmechanganya hesabu hizo mbili.

Wanaobadilisha unene wa bati wana mtego wao hapa. Bati likipita bapa katikati ya rola mbili, unene haubadilishi kitu cha maana. Likiizunguka rola ya kupimia, kinachohesabika ni mstari wa katikati ya unene wake. Rola ya 100 iliyozungukwa na bati la milimita 1 inafanya kazi kama rola ya 101, na kipande kinatoka kirefu kwa asilimia 1, yaani milimita 10 kwa kila mita. Mashine ya namna hiyo iwe na namba yake ya mzingo kwa kila unene.

Ikiwa vya 300 vimepungua 3 na vya 1,500 vimepungua 3 vilevile, rola haina hatia. Mshukuni kisu kinachoanza kushuka kabla mlisho haujatulia. Vidhibiti vingi vina kipimo cha kuamua kwamba mlisho umefika. Kikiachwa kwenye milimita 3, mota inatangaza kufika ikiwa bado ina milimita 3 za kwenda, na kisu kinalikamata bati hapo hapo. Anzeni na milimita 0.1, na kidhibiti kisubiri hali hiyo idumu milisekunde 20 kabla ya kuachia kisu.

Lile linalorukaruka ndilo 991 yenu. Kama kwa kasi ndogo linatoweka na kwa kasi ya kazi linarudi, bati linateleza kwenye rola. Kagueni kwanza mafuta ya kinga ya koili: yakiganda kwenye rola, yafuteni kwa kitambaa chenye kiyeyusho, umeme ukiwa umezimwa na kufungiwa. Kisha presha ya silinda za kubana. Kisha, na hapa ndipo wengi hawatazami, kitanzi cha bati kati ya koili na rola. Simameni pembeni mkitazame mashine ikiwa kazini. Kisiguse sakafu, na kisinyooke. Kikinyooka hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, rola zinajaribu kuivuta koili nzima, na hapo lazima ziteleze. Sensa ya kitanzi ndiyo inayoamrisha mota ya koili ianze kufungua. Ikiwekwa juu mno, au lenzi yake ikijaa vumbi, amri inachelewa. Mkimaliza hapo tazameni ncha ya bati. Kinyoshi, zile rola zinazolinyoosha bati la koili, kisiposetiwa vizuri ncha inainama, inagonga ukingo wa kisu cha chini, na bati linajikunja badala ya kupita.

Namba zenu zinaonyesha magonjwa mawili yaliyopandana: upungufu wa milimita 3 au 4 ulio imara, na juu yake utelezi wa mara mojamoja. Mwenye zamu anapopata 991 anaongeza kizidishi, utelezi ukikoma vipande vinakuwa virefu, anayefuata anapunguza. Tibuni utelezi kwanza, mrudie vipande 20, kisha, kosa lililobaki likiwa la uwiano, ndiyo mguse kizidishi, mara moja tu, mkitumia wastani.

Na kuhusu zile kingo mbili: zikitofautiana urefu, mbano wa kushoto na kulia haufanani, au bati lenyewe lina upinde. Kingo zikiwa sawa lakini vipimo vya kona kwa kona vinatofautiana, kisu hakijakaa mraba na njia ya bati. Hilo si la mlisho.

SWALI: Mashine yetu inakata vipande 40 kwa dakika, vya milimita 600 kila kimoja. Tajiri anataka 60. Tumeongeza kasi, mota haijalalamika, lakini urefu umevurugika. Kitabu kinasema mota inaweza.

Mota inaweza, bati ndilo haliwezi. Fuateni hesabu. Kwa vipande 40 kila mzunguko una sekunde 1.5, kwa vipande 60 una sekunde 1.0. Tuseme kisu kinahitaji sekunde 0.4 kushuka na kupanda, na muda huo hamwezi kulisha. Mlisho ulikuwa na sekunde 1.1, sasa una 0.6. Mmeongeza uzalishaji kwa nusu, lakini muda wa kulisha umebaki kidogo kuliko theluthi mbili.

Mwendo wa kawaida wa servo una sehemu tatu: theluthi ya muda kuongeza kasi, theluthi kwenda kwa kasi moja, theluthi kupunguza. Katika mwendo huo mchapuko ni 4.5 × umbali ÷ (muda × muda). Kwa mita 0.6 ndani ya sekunde 1.1 mnapata mita 2.2 kwa sekunde mraba. Ndani ya sekunde 0.6 ni 7.5. Mchapuko umepanda zaidi ya mara tatu, na nguvu ya kuvuta imepanda nao.

Chukueni bati la milimita 0.8, upana wa mita 1, na mita 3 zinazoning'inia kati ya kitanzi na rola: uzito wake ni karibu kilo 19. Nguvu ya kulisogeza imetoka N (nyutoni) 42 hadi N 141, bado hatujahesabu msuguano wa meza na uzito wa kitanzi kinachonyanyuliwa. Chuma chenye mafuta juu ya rola ya chuma kina msuguano mdogo, kadirieni 0.15. Kama rola moja tu ndiyo inayoendeshwa, mbano unaohitajika ni 141 ÷ 0.15, karibu N 940. Zikiendeshwa zote mbili, unatosha N 470. Wekeni angalau mara mbili ya namba hiyo ili kuwe na akiba. Silinda ya kipenyo cha milimita 50 kwa presha ya bar 6 inatoa karibu N 1,180, kwa hiyo silinda mbili zinatosha, mradi presha isishuke. Mara nyingi inashuka, kwa sababu mashine nyingine kwenye bomba hilohilo inavuta hewa. Soma geji iliyo kwenye mashine, wakati inafanya kazi. Ile ya kompresa haitakuambia kitu.

Alumini na bati lililopakwa rangi haviruhusu kubana bila kikomo, rola zinaacha alama. Huko tafuteni muda badala ya nguvu. Kisu hakihitaji kufika juu kabisa ndipo mlisho uanze. Kinahitaji kuwa juu ya bati kwa usalama. Mkisogeza sensa ya "kisu kiko juu" hadi pale kinapokuwa kimeliacha bati kwa milimita 10 hivi, mnaweza kupata sekunde 0.1. Mlisho ukiwa na sekunde 0.7 mchapuko unashuka kutoka 7.5 hadi 5.5. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo nafuu kubwa kuliko zote zinazopatikana bila kununua kitu. Baada ya hapo washeni mwendo wenye kona laini kama kidhibiti chenu kinao. Kilele cha mchapuko kitapanda kidogo, lakini mshtuko wa kuanza, ambao ndio unaoachanisha rola na bati, unapungua.

Na kama mkifikia 55 badala ya 60 vikiwa vyote sawa, mwambieni tajiri ahesabu vipande vizuri, si vipande vyote.

SWALI: Tunakata pakiti za plastiki zilizochapwa. Tunaanza vizuri, baada ya pakiti mia hivi chapa imehama na kisu kinapita kwenye maandishi. Sensa ya kusoma alama ipo, ila mara inasoma, mara inaruka.

Kitu kilichochapwa hakikatwi kwa urefu peke yake. Kosa la milimita 0.1 kwa pakiti, ambalo kwa rula hamtaliona, ni milimita 10 baada ya pakiti 100. Hali ya "urefu" kwenye mashine ni ya filamu tupu. Yenu iwe kwenye hali ya "alama", ambapo kila alama inaanzisha hesabu upya na makosa hayapati nafasi ya kujumlishana.

Kuruka kwa sensa kuna sababu tatu za kawaida. Ya kwanza ni rangi. Alama nyekundu chini ya taa nyekundu inaonekana kama nyeupe. Tumieni taa ya kijani. Alama ya njano inataka taa ya buluu. Filamu angavu inataka kitu cheupe kisichong'aa nyuma yake, la sivyo sensa inasoma chuma kilicho chini. Ya pili ni filamu kupepea: sensa ikae pale filamu inapokuwa juu ya rola, si katikati ya hewa. Ya tatu ni sensa kusikiliza muda wote na kudhani herufi ni alama. Kwa pakiti ya milimita 250, iruhusuni isome kuanzia 240 hadi 260 tangu alama iliyopita, na ipuuze kila kitu kabla na baada ya hapo. Isipoona alama, ilishe 250 kamili na kuendelea. Ikikosa alama 3 mfululizo, isimame. Mashine inayosimama kwa alama moja iliyokosekana itawachosha hadi mtu aizime sensa kabisa, na hapo mmerudi mwanzo.

Kama sensa inasoma vizuri lakini mkato unacheza mbele na nyuma kwa milimita kadhaa, angalieni imeunganishwa wapi. PLC ya kawaida, yaani kompyuta ndogo inayoongoza mashine, inasoma viingilio vyake kwa zamu. Zamu ikiwa ya milisekunde 10 na filamu ikienda mita 1 kwa sekunde, alama inaweza kuwa imekwishasogea hadi milimita 10 kabla haijaonekana, tena kiasi hicho kinabadilika kila mara. Ucheleweshaji usiobadilika mnaweza kuufidia kwa kusogeza sensa. Unaobadilika hauna dawa ya namna hiyo. Sensa iingie kwenye kiingilio cha kasi kinachonasa nafasi ya enkoda papo hapo. Viwili au vinne vya namna hiyo huwa vipo, vikiwa vimetajwa kwenye mchoro wa umeme.

Mwisho, plastiki inavutika. Mkikata 500 ikiwa imenyooshwa kwa asilimia 1, ikilegea inakuwa 495. Dalili yake ni kwamba pakiti za mwanzo wa roli na za mwisho wa roli hazilingani, ingawa hakuna aliyegusa chochote: roli likipungua kipenyo, breki ileile inavuta kwa nguvu zaidi. Legezeni breki ya roli kadiri linavyokwisha, au punguzeni uzito wa rola inayoelea, ile inayoikaza filamu kwa uzito wake.

SWALI: Namba ya nafasi kwenye skrini inahama yenyewe hata mashine ikiwa imesimama. Enkoda mpya haijasaidia.

Ni kelele za umeme kwenye waya wa enkoda. Waya huo usilale pamoja na waya wa mota unaotoka kwenye inveta, kifaa kinachopanga kasi ya mota. Uachane nao angalau milimita 200, na pale inapobidi kukutana vikatane kwa pembe mraba. Waya uwe wenye ngao, ngao iungwe vizuri kwenye ardhi ya kabati, na enkoda iwe ya aina inayotuma kila ishara pamoja na kinyume chake.

Ili kujua kama hesabu inapotea pia ikiwa kazini, chora mstari mmoja unaopita kwenye rola hadi kwenye fremu. Bila malighafi, amuru mbele mita 10, kisha nyuma mita 10, mara 20. Skrini ikisema sifuri na mistari ikiwa imeachana, ama mapigo yanapotea ama kiungo cha enkoda kinateleza kwenye mhimili. Tone la rangi kwenye kiungo litakuonyesha ni lipi: rangi ikikatika, kaza skrubu.

SWALI: Tuna msumeno wa mkanda unaojilisha wenyewe. Vipande vya milimita 1,200 vinatoka pungufu kwa milimita 2 hadi 3, vifupi vinapungua 2 tu. Na bledi zinakatika meno mapema.

Zile 2 ni njia ya msumeno. Bledi haikati mstari, inakula chuma. Bledi ya unene wa milimita 1.3, meno yake yakiwa yamepanuliwa kulia na kushoto, inaweza kula milimita 2. Jiriwa linalosogeza lazima lisukume urefu wa kipande pamoja na upana wa njia hiyo. Kata kipande kidogo nusu tu, rudisha bledi, pima upana wa mfereji kwa vernia (kipimo chenye taya), na uandike namba hiyo kwenye mpangilio. Bledi ya aina nyingine inataka namba nyingine.

Milimita inayozidi kwenye virefu inatokana na idadi ya mivuto. Jiriwa lenye safari ya milimita 500 halifiki 1,202 kwa mvuto mmoja. Linakwenda mara 3, kila mara kama 400.7. Kosa la milimita 0.3 kwa mvuto linakuwa karibu 1 kwa kipande. Kosa hilo linazaliwa kwenye kupokezana: jiriwa lisilosogea linatakiwa liwe limeshabana kabisa ndipo lile linalosogea lifunguke, na kinyume chake. Muda wa kusubiri ukiwa mfupi, kuna kitambo ambapo chuma hakijashikwa na yeyote, nacho kinarudi kidogo. Ongezeni kwa sekunde 0.2 au 0.3 mjaribu. Safisheni pia midomo ya majiriwa, kwani maranda ya chuma yakiingia pale yanakipindisha chuma kabla hata hakijakatwa.

Kuhusu meno, tazameni kwanza idadi yake. Kila wakati angalau meno 3 yawe ndani ya chuma. Bledi ya meno 4 kwa kila milimita 25, ikikata chuma bapa cha unene wa milimita 10 kilichosimama, ina jino moja na nusu tu ndani yake. Jino hilo linabeba mzigo wote na linang'oka. Kwa chuma hicho anzieni meno 8 hadi 10, au kilazeni bapa.

Kisha someni maranda, maana yanaeleza zaidi ya geji. Maranda yaliyojikunja, laini na vuguvugu: kasi ya kushuka ni sawa. Unga mwembamba: mnashusha polepole mno, meno yanasugua badala ya kukata. Kwenye stenlesi hiyo ni hatari zaidi, maana chuma hicho kinakuwa kigumu pale kinaposuguliwa, na pita inayofuata inakuta ukuta. Maranda mazito yaliyoungua na kuwa ya buluu: mnalazimisha. Vali ya kudhibiti mtiririko wa mafuta ya silinda ndiyo inayopanga mwendo huu. Igeuzeni robo kwa robo, mkisubiri mkato mmoja kamili kabla ya kugeuza tena. Chuma cha mviringo kina mtego wake: upana wa mkato ni mdogo juu, mkubwa katikati, mdogo tena chini. Mwendo uliopangwa kwa kutazama mwanzo wa mkato utakuwa mkali mno katikati, kwa hiyo upangeni bledi ikiwa nusu ya chuma.

Bledi mpya isianze kwa nguvu zote. Mikato ya mwanzo punguzeni mwendo wa kushuka hadi nusu, kasi ya bledi ibaki ileile, kisha pandisheni taratibu. Ncha za meno mapya ni kali kiasi kwamba zinamomonyoka zikipewa mzigo kamili siku ya kwanza.

SWALI: Msumeno wa kupasulia mbao wenye rola za kulisha unaacha alama nyeusi za kuungua. Tumepunguza kasi ya kulisha, ndiyo kwanza inazidi.

Bila shaka itazidi, jino lisipokata linasugua. Hesabu ni hii: mwendo wa kulisha kwa dakika, ugawe kwa mizunguko ya bledi mara idadi ya meno. Mita 6 kwa dakika, mizunguko 3,000, meno 60: kila jino linakula milimita 0.03, ambao ni msuguano mtupu. Ukilisha mita 18 linakula 0.1, na huko unataka kuwa. Kama mota haina nguvu hiyo, funga bledi ya meno 24. Kwa mita zilezile 6 utapata 0.08. Bledi ya meno mengi ni ya kukatia kukingama nyuzi, si ya kupasua. Ukiona kuungua upande mmoja tu wa mkato, achana na hesabu: kiongozi cha pembeni hakijakaa sambamba na bledi.

SWALI: Malighafi ikikwama karibu na kisu, vijana wanaingiza mkono kuinyoosha, kwa sababu kusimamisha na kuwasha upya kunachukua dakika 10. Sensa ya mlango wameifunga kwa waya. Tuwaelekeze nini?

Ondoeni waya huo leo, kabla ya kuendelea kusoma. Mashine inayojilisha ina hatari ambayo ile ya mkono haina: ikisimama kwa kukwama haijalala, inasubiri. Sensa ikisafishika tu, mlisho unaendelea, na kisu kinaufuata.

Utaratibu wa kukwamua ni huu. Bonyeza kitufe cha kusimamisha, zima swichi kuu, iwekewe kufuli na anayeingiza mkono ndiye akae na ufunguo. Kitufe cha dharura hakihesabiki kama kuzima umeme. Kisha funga vali ya hewa na kuitoa iliyobaki, kwa sababu silinda inabaki na presha hata umeme ukikatika. Kisu kilicho juu kiwekewe kigingi. Jaribu kuwasha, kuhakikisha haiwaki. Ukiwa unakata koili, ujue bati lililobanwa linafyatuka likiachiwa. Simama pembeni, glavu mkononi.

Dakika 10 ndizo tatizo lenu la kweli, na zinapunguzika. Mwombeni mtu wa programu aweke kitufe cha kurudisha malighafi nyuma kwa polepole, kinachofanya kazi kwa kushikiliwa tu, mlango ukiwa umefungwa. Mikwamo mingi huishia hapo. Pia mashine ikumbuke idadi na mpangilio baada ya kuwashwa, ili mtu asilazimike kuanza upya.

Mkiweka pazia la mwanga (miale inayosimamisha mashine mkono ukiikatiza) badala ya mlango, umbali wake kutoka kwenye kisu haukisiwi. Kanuni ya ISO 13855, kiwango cha kimataifa cha usalama wa mashine, inachukua mkono kuwa unakwenda milimita 2,000 kwa sekunde. Kama jumla ya muda wa pazia kuona na kisu kusimama ni sekunde 0.2, na pazia linaona kitu cha milimita 14, likae milimita 400 au zaidi. Muda huo unapimwa kwa chombo na kupimwa tena breki inapochakaa au kubadilishwa. Pazia lililofungwa milimita 150 kutoka kwenye kisu cha namna hiyo ni taa ya pambo.

SWALI: Gilotini ya karatasi, kizuizi cha nyuma kinajisogeza chenyewe. Karatasi za juu za rundo ni fupi kuliko za chini. Tumekipima kizuizi, kiko sawa.

Kiko sawa kweli. Kisu butu au mbano hafifu vinavuta karatasi za juu kuelekea kwa mkataji kabla hazijakatika, na zile za chini hazifikiwi na mvuto huo. Noeni kisu, ongezeni presha ya kibanio, na mpunguze kimo cha rundo kwa karatasi zinazoteleza. Ikiwa baada ya kunoa tofauti imebaki, kagueni kama uso wa kizuizi umesimama wima: wekeni pembe mraba ya chuma juu ya meza na mtazame kama mwanga unapita kati yake na kizuizi.